MAZUNGUMZO YA MAALIM: Swali Lililobaki Gedi



Mwezi huu nalikusudia kuendelea na maneno ya haki za jirani, ambayo niliyaacha nusu katika toleo lililopita. Lakini limezuka jambo ambalo haraka yake imeyapita hayo, nami naomba mniwie radhi. Mama mmoja, ambaye watoto wake wawili wasoma chuoni kwangu, alinisimamisha mlangoni baada ya sala ya alasiri, akaniambia, "Maalim, nina neno." Nikamwambia, "Sema, mwanangu." Akasema, "Skuli wataka fedha, watoto wapelekwe Gedi. Mwaka jana walipelekwa Ngomeni, nikatoa. Mtoto akarudi kapoteza kiatu kimoja, na nilipomwuliza ameona nini, akanambia ameona mzinga, tena amekula barafu. Basi, hayo tu. Sasa nitoe tena, Maalim? Hii si israfu?"

Nilikuwa na haraka ya kwenda kumzuru mgonjwa, nikamjibu kwa neno moja: ukiweza toa. Lakini usiku, nilipojinyosha kitandani, jibu lile lilinisuta. Mwenye kuuliza alistahili zaidi ya hilo, na zaidi ya hilo mimi si mtu wa kutoa fatwa ya mbali katika mas'ala haya, kwani nimekuwa pande zote mbili. Nimekuwa mtoto aliyekwenda akarudi na habari za mkate, na nimekuwa mzazi aliyekataa kutoa. Kwa hiyo naona afadhali niyasimulie yote mawili, na huyo mama ayasome, na wenzake wasome pamoja naye.

Mwaka 1982 nalikuwa darasa la sita katika skuli moja ya Mombasa. Kwetu ni Majengo. Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mshoni, na cherehani yake ilikaa barazani mchana kutwa. Mwalimu wetu wa historia (jina lake silitaji, kwa kuwa sikupata kumwomba ruhusa alipokuwa hai) akatutangazia kwamba darasa lote litakwenda kuyaona magofu ya Gedi, na kila mtoto alete shilingi 25. Nilipompelekea baba habari hiyo, hakusema ndiyo wala la. Aliuliza siku tu. Baada ya wiki moja alinipa fedha zile zimekunjwa katika kipande cha kitambaa, nami nikazipokea kama mtoto apokeavyo kila kitu, yaani kana kwamba zimeanguka kutoka mbinguni.

Tulitoka alfajiri. Tukavuka Nyali, tukapita Mtwapa, tukaingia katika mashamba ya katani ya Vipingo ambayo mistari yake ilitupita dirishani hata tukaona kizunguzungu, kisha tukafika Kilifi. Siku zile daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa, maana lilifunguliwa mwaka 1991, na magari yakivushwa kwa feri. Nawaapia, ndugu zangu, kwamba lau safari ingelikwishia pale ferini, hakuna mtoto mmoja ambaye angelisikitika. Basi letu lilisimama juu ya maji! Sisi watoto wa kisiwani, tuliozaliwa na bahari pande zote, tulipiga kelele kama watu ambao hawajapata kuona maji. Kisha msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha Gedi.

Na huko Gedi nini nilichokiona? Hebu niseme kweli. Niliona kuta zilizobomoka na miti mirefu imeota ndani ya nyumba za watu, mizizi imekumbatia mawe. Niliona kima. Nilikuwa nimeweka mkate wangu wa siagi juu ya ukuta ili nifunge kamba ya kiatu, na kabla sijainuka, kima mmoja alishuka, akauchukua, akapanda nao juu ya mti, akanila mkate wangu huku akinitazama. Darasa zima lilicheka. Mimi nililia. Habari hii ndiyo niliyoichukua kwetu, nami niliisimulia mtaani kwa muda wa mwaka mzima, na kila nilipoisimulia kima aliongezeka ukubwa.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo wakati ule sikulitia katika hesabu ya mambo niliyoyaona. Mwalimu wetu alituingiza katika chumba kimoja cha nyumba ya kale, akawalaza chini wavulana wawili, utosi kwa utosi, kutoka ukuta hata ukuta, na nyayo zao zikakaribia kugusa kuta mbili. Tukacheka. Akatungoja tunyamaze, kisha akasema, "Watu wa mji huu walikuwa na mali. Walikula katika bakuli za Kichina. Walikuwa na vyoo ndani ya nyumba zao. Mawe wanayo, chokaa wanayo, ardhi wanayo. Mbona vyumba vyao ni vyembamba hivi?" Mmoja akasema walikuwa watu wafupi. Mwingine akasema waliogopa baridi. Mwalimu hakumkubalia yeyote wala hakutupa jibu. Alisema, "Basi chukueni swali hili mwende nalo." Tukatoka mbio, na swali tukaliacha pale pale chumbani, au ndivyo nilivyodhani.

Usiku ule baba alinikalisha karibu ya cherehani. Yeye hakupata kufika Gedi, wala hakupata kufika mbali zaidi ya Mazeras isipokuwa mara mbili tatu kwa maziko. Akaniuliza niliona nini. Nikamwambia habari za kima, naye akacheka sana. Kisha nikakumbuka jambo ambalo nilijua litampendeza: kwamba katika magofu yale kuna nyumba iitwayo Nyumba ya Mkasi, kwa kuwa mkasi ulichimbuliwa humo. Baba aliinua uso. "Mkasi wa mshoni?" Sikujua, kwani nyumba ile ilipoonyeshwa mimi nalikuwa nimebaki nyuma nikimtupia kima vijiti. Akanyamaza kidogo, akauliza tena, "Na msikiti wao umeuona?" Nikasema ndiyo. "Maji ya udhu waliyatoa wapi? Huko si bara kidogo, mbali na bahari? Hapana mto?" Nikasema sikutazama. Hakunigombeza. Alisema, "Haya, kalale," akarudi kukanyaga cherehani yake.

Baba alifariki mwaka 1997. Katika siku za eda, mama alikuwa akikaa na kukumbuka mambo ya mumewe moja moja, kama mwenye kuhesabu tasbihi, na siku moja akanambia zile shilingi 25 zilivyopatikana. Baba alichukua kazi ya kushona kaptura za skuli kwa duka moja la Mhindi, akazishona usiku baada ya kazi yake ya mchana, kwa taa ya kandili, siku tano mfululizo, kwa kuwa hakutaka nibaki peke yangu darasani wenzangu wakienda. Nami nilikuwa nimelala. Nilikuwa chumba cha pili, na sauti ya cherehani ile naikumbuka. Nalidhani anashona kama siku zote.

Sasa sikilizeni habari ya swali la chumba. Mwaka 1999 nalikuwa najenga kijumba changu Kisauni, nami nilitaka chumba cha mbele kiwe kipana, cha kukalisha wanafunzi. Nikamwambia fundi vipimo. Fundi alikuwa mzee wa Kibajuni, mtu wa maneno machache. Akaziendea boriti zangu za mkoko zilizolazwa uani, akapima moja kwa mikono, akarudi, akasema, "Maalim, boriti haifiki. Na ukiiunga, haitachukua." Nikasimama na jua la utosi, kama mtu aliyepigwa kofi. Boriti haifiki! Watu wa Gedi walikuwa na mawe na chokaa na mali, lakini dari zao za mawe na chokaa zilikaa juu ya boriti za mikoko, na mti wa mkoko una urefu wake aliouumbiwa, na nguvu zake hazipiti hapo. Upana wa chumba cha tajiri ulipimwa na mti wa matopeni. Miaka 17 swali lile lilikaa ndani yangu bila ya mimi kujua kwamba nalichukua, na siku lilipojibiwa, mwenye kuliuliza alikuwa amekwisha kufa, na mwenye kunilipia nauli ya kwenda kulisikia amekwisha kufa vile vile.

Mngedhani kwamba mtu aliyepata somo kama hilo angelikuwa wa mbele kuwatolea watoto wake. Nami nasema kwa haya kwamba haikuwa hivyo. Mwaka 2009 binti yangu alikuwa darasa la sita, na skuli yao ikatangaza safari ya Malindi na Gedi kwa shilingi 600. Akaja kuniomba. Nilimjibu, na maneno yangu nayakumbuka kuliko ninavyotaka kuyakumbuka: "Gedi nimekwenda mimi. Hapana kitu huko ila magofu na kima." Fedha nalikuwa nazo. Mwezi ule ule nilinunua joho la kuvaa Idi, na bei yake ilizidi 600. Binti yangu hakulia wala hakurudia maneno. Siku ya safari alikwenda skuli kama kawaida, akakaa na watoto wachache waliobaki, akarudi. Wenziwe walipopewa kazi ya kuandika walichokiona, yeye aliazima daftari la rafiki yake akanakili, maana mwalimu alitaka kila mtoto awe na insha. Nilimwona akinakili, taa imemwinamia. Sikuuliza anaandika nini.

Katika Qurani Mwenyezi Mungu ametuamuru zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi tutazame. Mojawapo ni katika Suratul Ankabut, aya ya 20, ambapo tumeamrishwa kutazama jinsi alivyoanzisha viumbe. Aya hii nimeisomesha watoto kwa miaka zaidi ya thelathini, kwa tajwidi yake, herufi kwa herufi, katika chumba kimoja chenye dirisha moja. Siku moja mtoto mdogo aliniuliza, "Maalim, na sisi tutatembea lini?" Nikamwambia aendelee kusoma. Lakini neno lake lilinifuata hata nyumbani.

Kwa hiyo katika likizo ya Agosti mwaka 2024, wiki chache baada ya UNESCO kuuandika mji wa Gedi katika orodha ya urithi wa dunia, chuo chetu kilikodi basi. Halmashauri haikukubali kwa wepesi. Mzee mmoja alisema chuo si mahali pa matembezi, na kwamba watoto warudi na hifdhi, si na picha. Namheshimu mzee huyo, na hofu yake si ya bure, kwani nimeona safari ambazo watoto walipelekwa ufukweni, wakaachiwa jua kutwa, wakarudishwa, ikaitwa elimu. Lakini alikubali mwishowe, kwa sharti kwamba wasichana wafuatane na mwanamke mtu mzima. Nikamwomba binti yangu. Sasa yeye ni mama wa mtoto mmoja, na tangu hapo hakuwa amefika Gedi.

Ndugu msomaji, tulivuka Kilifi juu ya daraja bila ya kusimama, na watoto wala hawakutazama chini. Tulipoingia langoni mwa magofu, nilikuwa mtu mwingine katika mahali pale pale. Ukuta wa nje wa mji umezunguka eka 45, nami nilipokuwa mtoto sikujua kwamba nimo ndani ya ukuta wowote. Mji huu watu wameukaa karne nyingi. Umeachwa katika karne ya 17, na sababu zake wajuzi wamezitaja kuwa zaidi ya moja: maji ya visima yaliyozidi kushuka, mashambulio ya kutoka kaskazini, na kuhamia kwa mtawala wa Malindi Mombasa pamoja na Wareno mwishoni mwa karne ya 16. Wareno wenyewe walikaa Malindi kwa takriban miaka mia, mwendo wa saa chache tu kwa miguu kutoka hapo, na katika maandishi yao hawakuutaja mji huu kwa jina hili la Gedi. Serikali iliutia katika hifadhi mwaka 1927, na kuanzia mwaka 1948 hata 1958 Bwana James Kirkman aliufukua. Yeye ndiye aliyezipa nyumba majina kwa vitu vilivyopatikana humo.

Na hapo ndipo nilipopata tahayari yangu. Kwani tulipofika penye nyumba zile, kabla mwenye kutuongoza hajafungua kinywa, binti yangu aliwaambia wasichana waliokuwa naye, "Hapa kuna Nyumba ya Kauri, na Nyumba ya Taa ya Chuma, na Nyumba ya Kijisanduku cha Pembe, na Nyumba ya Fedha ya Kichina, na Nyumba ya Ushanga wa Venice." Aliyataja kwa taratibu kama mtoto asomaye sura aliyoihifadhi. Mwongozi akamwuliza, "Umewahi kuja, dada?" Akajibu, "La, sijapata." Nami nalikuwa nyuma yake hatua mbili. Miaka 15 alikuwa amezihifadhi nyumba za daftari la mwenziwe. Hakunitazama, naye hakusema neno la kunichoma. Pengine hakukumbuka kabisa kwamba nipo. Nilijifanya nasoma kibao.

Kaburi moja lipo hapo lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijra, nao ni mwaka 1399 kwa hesabu ya Miladi. Watoto wangu waliisoma Hijra ile kwa urahisi kuliko Miladi, wakafurahi kama waliosalimiwa na mtu wanayemjua. Mimi katika mwaka 1982 nililipita kaburi hilo mbio. Nalijua kusoma hata wakati ule. Lakini hapana aliyenambia kwamba jiwe lile lasomeka.

Tukaingia katika chumba chembamba. Sina yakini kama ni kile kile, kwa kuwa vyote vyafanana. Nikawalaza wavulana wawili utosi kwa utosi, nikauliza swali la mwalimu wangu kwa maneno yake, nikajitayarisha kuliacha bila ya jibu kama alivyoliacha yeye. Nilikuwa nimekwisha kuipanga sauti yangu kwa ajili hiyo. Mtoto mmoja wa miaka kumi, ambaye baba yake ni fundi wa kuezeka, akasema papo hapo, "Boriti haifiki." Kisha akauliza kama anaweza kwenda kuwatazama kima. Nikamwachia aende. Elimu ambayo kwangu ilichukua miaka 17, yeye amezaliwa nayo nyumbani kwao, naye hakuiona kuwa ni kitu.

Mwisho tulikwenda penye msikiti mkuu. Mihrabu yake ipo, imeelekea kaskazini, kwani sisi watu wa pwani hii twakaa karibu sawa na mstari wa Makka, na mwenye kuswali Gedi huelekea kaskazini takriban barabara. Juu ya mlango mmoja pana mkuki uliochongwa katika jiwe. Watoto waliuzunguka mkuki. Mimi nilikwenda ubavuni mwa msikiti, kwa kuwa baba yangu aliniuliza jambo, na jibu lake lilikuwa limecheleweshwa miaka 42.

Kisima kiko pale, ndugu zangu, ndani ya ua wa msikiti, na birika ya maji iko karibu yake. Nimeinama nikatazama. Mtu aliteka maji, akayamimina birikani, na mwenye kuja kusali akatawadha hapo kabla ya kuingia. Ibn Battuta, alipopita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba mlangoni pa misikiti yetu palikuwa na visima, na kwamba aingiaye huosha miguu kwanza. Mwaka ule mji wa Gedi ulikuwapo. Na sisi huko Majengo tulikuwa na msikiti wenye kisima na birika, ambapo baba alinifundisha kutawadha nikiwa na umri wa miaka mitano, akinishika mkono nisiteleze. Huenda ndiyo sababu aliuliza. Alikuwa anataka kujua kama watu wale walikuwa kama sisi. Na mimi, niliyekwenda kwa fedha za macho yake, nilimletea habari za kima.

Nilikaa hapo kitambo. Binti yangu alinijia akasema, "Baba, adhuhuri imeingia," tukatoka tukaenda kusali kijijini.

Sasa namrudia mama yule. Mwanangu, usimpime mtoto kwa yale aliyoyasema jioni ya safari. Mtoto hana pa kuyatia mambo yale, kwa kuwa hajajenga nyumba, hajazika mzazi, hajaona kisima kikikauka. Ameona mzinga na amekula barafu; hayo ndiyo mambo ya ukubwa wake. Mzinga ule wa Ngomeni utamngoja. Wareno waliianza ngome ile mwaka 1593, na Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa muda uliozidi miaka miwili, nayo ilikuwa jela tangu mwaka 1895 hata 1958, siku moja mwanao atasoma habari hizo mahali, naye atasema moyoni mwake, "Mimi nimekaa juu ya mzinga wa hapo, nami nilipoteza kiatu." Yule ambaye hakupelekwa atasoma maneno yale yale, yakampita.

Sisemi mtu akope. Mwenye dhiki ana udhuru wake, na skuli yenye insafu humtafutia njia mtoto wa mwenye dhiki bila ya kumtangaza mbele ya wenziwe. Wala sisemi kila safari ina maana. Uliza waenda wapi, na nani, katika gari la namna gani, na kama watakaribia maji nani awatazamaye. Mwalimu mwema hachukii kuulizwa. Na nanyi walimu wenzangu, nina ombi dogo: tupunguze kuwanakilisha watoto vibao. Mwalimu wangu aliuliza swali moja tu katika siku nzima, na mpaka leo sikumbuki jambo jingine alilotufundisha mwaka ule.

Kuna jambo moja la gharama ndogo ambalo baba yangu alilijua. Siku mtoto arudipo, mkalishe karibu nawe umwulize. Akikosa jibu usimkemee. Mimi nilikosa majibu mawili, na moja bado ninalo. Mkasi wa Gedi sijui kama ni wa mshoni. Mwongozi nilimwuliza, naye akanambia ni mkasi wa chuma, hapana zaidi.

Binti yangu sikumwomba radhi hapo Gedi, kwa sababu ya watoto. Nilimwomba ndani ya basi, tulipokuwa twarudi, karibu na Vipingo, wengi wamelala. Alinisikiliza, akatazama nje kwenye katani, akanambia, "Baba, mimi nalidhani umesahau." Kisha akaniuliza chuo kitakwenda wapi mwaka ujao, maana mwanawe atakuwa ametimiza umri.

Yule mama alinijia tena juzi, fedha amezifunga katika ncha ya leso. Alisema mtoto hajalala tangu aliposikia, na akauliza ampe nini cha kuchukua. Nikamwambia ampe chupa ya maji na kofia, amfunge viatu barabara. Na mkate autie ndani ya mkoba wenye kufungika, kwani kima wa Gedi wangaliko.